Kwa Nini Bomba Huhema Kabla ya Maji

Sogeeni, nyinyi mnaolipiga bomba makofi kila asubuhi kama vile limewatukana. Kuna wakati mabomba yalikuwa mabubu. Ulifungua, maji yakamwagika, basi. Bila kukohoa, bila kuhema.

Wakati huo mji wa Kwamkomba ulikunywa kutoka ndiva moja tu, bwawa la milimani lililojengwa kwa mawe na udongo juu ya chemchemi. Mlinzi wake alikuwa Nakiete, mama mjane. Kulipokucha alichomoa kizibo cha mti, maji yakateremka mjini kwa mabomba ya mianzi. Siku tatu alifungua. Siku ya nne hakikuguswa kitu, ndiva ijae tena, kwa sababu chemchemi ile ilikuwa na aibu: ilitoa maji ikiwa imefunikwa na maji ya ndiva, bila jicho la mtu.

Mji ukanenepa. Wakaunganisha bomba la pili, la tatu, hadi la tano, nene kama pipa, na ndiva ni ile ile. Akapanda Senzota, msemaji wa mji, tumbo likimtangulia.

"Mama Namkunda," alisema, akimwita kwa jina la binti yake aliyeolewa mjini, "wewe unapumzika, maji yanapumzika. Na kiu nayo tuiambie ipumzike?"

"Mmeongeza mabomba, baba. Chemchemi nani kaiongeza?"

"Ah, hiyo kazi yako. Sisi yetu tumemaliza."

Mara mbili alishuka mikono mitupu. Mara ya tatu alikuja siku ya mapumziko, na safari hii hakutania. "Namkunda amejifungua. Mtoto anachemka homa, na mtaa mzima hauna tone la kumpoza."

Mjukuu wake wa kwanza, na hajamtia machoni. Nakiete akaingia majini, akachomoa kizibo.

Mabomba yote matano yakavuta kwa pamoja. Ndiva ikashuka hadi magotini, hadi vifundoni, hadi tope, na katikati ya tope chemchemi ikabaki uchi, kijitundu kama kitovu, Senzota akiikodolea macho. Ikajikunja, ikarudi ndani ya mwamba.

Na maji? Nyumba za mwanzo wa bomba zilijaza mitungi, zikajaza mpaka masufuria. Namkunda aliishi mwisho wa bomba. Nakiete akalijua hilo, akapiga magoti, akatambaa ndani ya bomba nene, akiyasukuma kwa pumzi yake maji machache yaliyosalia: nendeni, bado hamjafika.

Kule chini bomba likakohoa, likashusha pumzi ndefu yenye joto, kisha kata moja ya tope. Namkunda aliijua pumzi ile. Ndiyo iliyompozea uji utotoni. Akaita, "Mama?" Alipoinama kumpaka mtoto lile tope, paji lilikuwa limeshapoa lenyewe, homa imemtoka.

Na tangu siku hiyo, kila bomba hutanguliza pumzi. Fundi atawaambia ni upepo tu; mwacheni, ndiye mwenye spana. Ni Nakiete, yumo humo, bado anasukuma. Mji umechimba mabwawa mengine, umelaza mabomba mengine, naye yumo katika yote, njia ikizidi kumrefukia. Mkimsikia akihema, kingeni ndoo mnyamaze. Siku nyingi hufika peke yake, bila maji.