Dozi Moja na Waandika Programu Watatu

Nianze kwa kutubu. Mimi niliyeishia darasa la saba nilikuwa napika chai katika ofisi moja ya Tukuyu. Siku moja bosi Mwakipesile aliniuliza, "Hawa vijana watatu, kweli kazi yao ni ya watu watatu?" Nami, nikitaka sifa, nikajibu, "Bosi, naona hata mmoja anatosha." Mungu anisamehe. Kazi yenyewe sikuijua.

Walikuwa wanaandika programu ya kugawa dawa ya sumu ya nyoka kwenye vituo vya afya.

Lusajo alijaliwa kutafuta. Programu ya zamani ilipekua orodha nzima, juu mpaka chini, huku mgonjwa anakata roho. Yeye akazipanga dawa kwenye jedwali la funguo: taja jina, unaonyeshwa rafu papo hapo.

Tusekile alijaliwa kupanga. Foleni ya aliyetangulia aliikataa. Wagonjwa akawaweka katika lundo ambalo aliye karibu zaidi na kifo hupanda juu, hata kama amefika sasa hivi.

Anyosisye yeye alijaliwa kukataa. Alichagua lugha ya programu ambayo kila kitu kina mwenyewe mmoja. Wakikishika wawili, inagoma hata kuanza. Wenzake walimcheka: "Lugha yako ina roho mbaya kuliko mama mkwe!" Lakini huko nyuma dozi moja iliwahi kuahidiwa vituo viwili, ikagombaniwa njiani, wagonjwa wote wawili wakafa.

Basi asubuhi moja nyoka wakauma watu wawili. Dozi ilibaki moja wilaya nzima. Aliyefikishwa kwanza ni mama mzazi wa Tusekile. Baadaye kidogo akaletwa mchuma chai mmoja, hajulikani na yeyote ofisini, hali yake mbaya zaidi.

Jedwali la Lusajo likaiona dozi. Lundo la Tusekile likampandisha mchuma chai. Tusekile akamshika Anyosisye mkono.

"Kaka, mwandikie na mama. Waandikie wote wawili."

"Dada, haikubali. Niliifunga mwenyewe."

Mchuma chai akapona. Mama tukamzika Jumamosi.

Jumatatu bosi akawaita. "Mtu amepona, hongereni. Sasa nafasi ni moja. Wawili waache vitambulisho hapa mezani."

"Bila mimi dozi isingeonekana," akasema Lusajo.

"Ingeonekana, ikagombaniwa," akajibu Anyosisye.

Tusekile, kanga ya msiba bado mabegani, akasema, "Mimi ndiye niliyemweka mama yangu nafasi ya pili."

"Pole, binti," bosi akamwambia, macho kwenye simu. "Msiba haumo kwenye mkataba. Saa nne mniletee jina. Mkishindwa, mnaondoka wote."

Wakatoka, wakakaa kwenye benchi la korido, hakuna anayemtazama mwenzake. Ilikuwa saa tatu na nusu.

Je, ungekuwa wewe, ungembakiza nani? Nakuomba, usiniambie "wote watatu". Nitajie jina moja.