Ngowa Mbeba Lango na Hodi ya Nyamvula

Zamani za kaya, vijiji vyetu vyenye boma na lango moja, kabla reli haijapita bondeni na kabla serikali yoyote haijatuhesabu, aliishi Ngowa mwana wa Mwamkale, mjukuu wa Bemwaka aliyeufyeka msitu wa kwanza. Ngowa Mbeba Lango, aliyeiinua peke yake nguzo ya mti wa mrihi iliyowashinda wanaume wa mbari nzima. Sogeeni, wanangu. Na wewe Umazi uliyerudi kutoka shuleni na machozi, njoo hapa mbele, maana habari hii ni yako.

Vita nitakavyowasimulia havimo kitabuni mwenu. Mimi mwenyewe nilikuwa mtu mzima mwenye watoto ndipo shangazi yangu Mbeyu aliponieleza, na kabla hajafungua kinywa alifunga mlango. Nilikasirika sana. Nilikuwa nimekaririshwa vita vya watu wa mbali hadi majina ya farasi wao, na vita vilivyotumaliza sisi sikuwa nimevisikia! Nikaapa kwamba nyinyi mtavijua mkingali wadogo.

Basi watu wetu walisifika kwa jambo moja: kwetu hodi haikuwahi kukosa karibu. Kumwacha mgeni nje ya lango ilikuwa aibu ya kumfuata mtu hadi kaburini. Wateka watu, waliokuwa wakitafuta watu wa kuuza pwani, wakapata habari za sifa hiyo. Waliwakamata wanawake wetu mashambani, wakawasimamisha mbele ya kaya huku majambia yakiwagusa migongo, wakawaamuru wabishe hodi. Bawabu akasikia sauti anazozijua, akajibu "Karibuni!" kwa furaha, akafungua. Kaya ya kwanza iliteketea asubuhi ile. Adabu yetu ndiyo iliyotuua.

Ngowa akawakusanya waliosalia, akaing'oa nguzo ya lango katikati ya majivu ikiwa bado na moto, akaibeba begani hadi juu ya mlima huu tunaoukalia, na alipoisimika akatamka mbele ya wote:

"Kuanzia leo, hodi haitajibiwa karibu. Abishaye ataulizwa: Uko na nani? Akisema yuko peke yake, afunguliwe. Akisema yuko na watu, au akinyamaza, lango lisifunguliwe, hata awe mwanangu. Aliyetekwa nampa neno la kutuonya. Sina kingine cha kumpa."

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Nyamvula, binti aliyezaliwa siku ya mvua baada ya ukame mrefu. Masika yaliyofuata Nyamvula alikwenda mtoni, hakurudi. Walimtafuta hadi wakakata tamaa. Kesho yake alasiri, mama yake akiwa bado anaita jina lake, sauti ikasikika nje ya lango.

"Hodi!"

Watu wote wakakimbilia langoni. Ngowa akawatangulia, akaegemeza mgongo wake kwenye mbao, akauliza, "Uko na nani?"

Nyamvula aliijua sheria ya baba yake. Neno moja la uongo lingemwingiza ndani, mikononi mwa mama yake, na wateka watu wangeingia nyuma yake. Neno moja la kweli lingetuokoa sisi wote, yeye akabaki huko.

"Niko na wengi, baba."

Ngowa hakufungua. Vijana walimvuta, mkewe akamng'ata mkono hadi damu ikatoka, naye Mbeba Lango akasimama palepale akilia kwa sauti bila kusogea. Wateka watu, walipojua kwamba hila yao imekufa, waliondoka wasirudi tena. Lango lilipofunguliwa, mtungi wa Nyamvula ulikuwa umesimama wima njiani, umejaa maji. Yeye hakuwapo. Kama aliuawa njiani kwenda pwani au aliuzwa, hatujui hadi leo, na kutojua huko ndiko kunakouma.

Tangu hapo, kila alasiri ya masika, hodi ilisikika langoni. Waliuliza uko na nani, hawakujibiwa. Watu waliinamisha vichwa, wakaendelea kutwanga. Ngowa alizeeka akiwa ameegemea lango lile, na hakuna aliyethubutu kumhamisha.

Kisha siku moja mzee akasimama, akatoka nje, akawaambia wafunge nyuma yake. Wakatii. Wakasikia anabisha, "Hodi!"

Bawabu aliijua sauti ya mzee, lakini sheria ni sheria. "Uko na nani?"

"Niko na Nyamvula."

Kaya nzima ikaitikia kwa pamoja, "Karibuni!" Wakafungua lango lote. Njia ilikuwa tupu, hata mzee hayupo. Na tangu siku ile hodi ya masika haikusikika tena.

Ndiyo maana sisi, mgeni hata akija mmoja, tunamwambia "Karibuni." Majirani hutucheka kwamba Kiswahili kimetupiga chenga. Na leo, Umazi, mwalimu amekukata maksi, akakuandikia kwamba mgeni mmoja huambiwa "Karibu." Mwache akate. Wewe mwanangu, ukisikia hodi, sema "Karibuni," fungua mlango wote, kisha usiufunge upesi. Kaa kando kidogo, wapite wote wawili.