Rangi ya Bunduki ya Mihambo

Hapo zamani, tembo walipokuwa wengi kuliko watu katika misitu ya Ugalla, aliishi mwindaji jina lake Mihambo. Alikuwa na bunduki moja ya kale, ile inayokokiwa kwa mkono wa chuma ulio chini, karibu na kifyatulio. Unauvuta, unaurudisha, inalia kwacha, risasi imeingia. Siku ya kufa aliwaita wanawe watatu, akasema, "Atakayeitunza thamani ya bunduki hii ndiye atakayerithi jina langu na kigoda changu." Kisha akaenda zake kwa mababu.

Mtoto wa kati, Nyamizi, alilitaka jina lile mpaka likamnyima raha. Miaka sita, kila Ijumaa, aliipangusa bunduki kwa mafuta ya ufuta na kipande cha shuka la baba. Akiipangusa, macho yanamlegea, anamsikia baba akitembea majanini, taratibu, hafiki wala hapotei. Alipenda kukaa hapo hata jua likazama.

Mwaka wa saba nyumba ikashika moto. Nani aliuwasha? Kaka mkubwa, Kasanda, aliyesinzia na kiko mdomoni. Na nani aliingia motoni kuitoa bunduki? Kasanda huyo huyo. Alitoka nayo ndani ya blanketi lililoloa, bunduki haina hata alama, mkono wake umeungua hadi kiwiko.

Kisha ikaja habari kwamba Mzee Mlekwa, fundi wa bunduki wa Tabora, atapita kuikadiria thamani. Nyamizi akautazama mtutu, umegeuka kahawia. Akaona haya. Akamwita mdogo wao Shija, mwanamume mwenye ndevu zake, mvivu wa kupindukia.

"Shija ndugu yangu, chukua mchanga na majivu, uisugue ing'ae kama sufuria ya harusi."

"Sawa, dada."

Sawa ya mvivu mnaijua. Alikaa kivulini, mchanga kiganjani, usingizi wa pono ukamchukua. Akaota baba anapita na bunduki begani, anamwambia, "Lala, mwanangu." Naye ni mtoto mtiifu, akalala zaidi.

Mlekwa akamkuta anakoroma. Aliichukua bunduki, akaikoki, kwacha. Akapitisha kidole mtutuni polepole, amefumba macho.

"Mzee, utusamehe," Nyamizi akasema. "Haijasuguliwa."

"Mungu ashukuriwe. Rangi hii haipakwi, binti yangu. Huja yenyewe, mwaka juu ya mwaka. Hivi ilivyo ni ng'ombe kumi na wawili. Mngeisugua, ni mbuzi wawili, na hao kwa huruma."

Nyamizi akaketi chini.

"Bila mafuta yangu ingeliwa na kutu," akasema.

"Na mchanga ulikuwa wa nani?" Kasanda akauliza. "Bila mkono wangu huu ingekuwa majivu."

"Na moto ulikuwa wa nani?" Shija akapiga miayo. "Bila usingizi wangu ingekuwa mbuzi wawili. Tena baba mwenyewe aliniambia nilale."

"Ndoto yako nani aliiona?" Nyamizi akasema, akalia, kwa kuwa miaka yote ile alimngoja baba aseme naye, na baba hakusema.

Haya, nyinyi mnaocheka, msiniachie peke yangu. Kigoda ni kimoja. Aliyeitunza kisha akaagiza iharibiwe, aliyeiokoa kutoka kwenye moto wake mwenyewe, au aliyelala? Je, nani alistahili kuitwa Mihambo?