Kiti cha Dirishani

Kaeni, kaeni. Na ninyi mliosimama mlangoni, ingieni, nafasi bado ipo. Leo sitapiga kelele. Wiki nzima nimesikia minong'ono, mingine imenifuata mpaka sokoni nikinunua nyanya, kwa hiyo leo nitaongea taratibu ili kila mtu asikie. Nina mfano. Kwanza niambieni, nani hapa anapanda treni ya asubuhi kwenda mjini? Nyosheni mikono. Ehee. Poleni sana. Nikikosea mahali, mtanisahihisha.

Kulikuwa na bwana mmoja, muuza vitambaa. Duka si lake, la tajiri. Kutwa nzima yuko wima nyuma ya meza, anapima, anakata, anakunja. Jioni miguu inawaka moto. Mnaona? Mtu kama huyu asipokaa asubuhi ndani ya treni, basi siku hiyo hakai tena mpaka arudi nyumbani.

Na hakai. Anapandia kituo cha tano, na treni ikifika hapo imeshajaa. Anaingia kwa ubavu, anabaki palepale mlangoni. Kiwiko cha mtu kiko mbavuni, begi la mtu liko usoni, chakula chake cha mchana kimebanwa mpaka mchuzi unatoka kwenye mfuko. Kuna anayefungulia taarabu kwenye simu behewa zima lisikie. Kuna anayehubiri kwa sauti kubwa wakati watu wanasinzia. Ndiyo, hata sisi wahubiri tumo, msicheke.

Hayo yote aliyavumilia. Kilichomtafuna ni kofia.

Kule katikati ya behewa, kwenye kiti cha dirishani, kila asubuhi alikuwa amekaa mtu mwenye kofia ya pama. Kila asubuhi, kiti kilekile! Mvua, jua, Jumatatu, Ijumaa. Kutoka mlangoni huoni mapaja ya mtu, huoni miguu yake, watu wamekuzuia. Unaona kofia, na upepo wa dirishani unaichezea. Halafu unaona mkono wa mama mmoja unapita juu ya vichwa vya watu na andazi la moto, "Kofia, shika!" Na Kofia anacheka, anakula.

Yule muuza vitambaa akiliona lile andazi, mate yanamgeuka uchungu. Kwani huyu ni nani? Amewapa nini hawa watu? Ana shangazi kituoni? Na nauli tunalipa sawa!

Akifika nyumbani, kabla hajavua viatu, anaanza. "Mke wangu, leo tena yule mtu kakaa."

Siku moja mkewe akachoka. Akamwambia, "Baba, huyo mwenye kofia amehamia hapa kwetu? Maana kila jioni tunakula naye."

"Wewe hujui. Wewe husimami saa nzima unamwangalia mtu anavyostarehe."

"Basi si umuulize kwa nini anawekewa kiti?"

"Nimuulize? Mimi? Nijishushe hivyo?"

Hakuuliza. Hapo shikeni vizuri, ndugu zangu. Miezi minane anamchukia mtu ambaye hajawahi hata kumwambia habari za asubuhi.

Kisha akapata akili mpya. Akaamua kugeuza. Watu wa huku mnajua kugeuza, nawaona mnatabasamu. Unapanda gari linaloelekea kule usikokwenda, unafika nalo mwisho wa njia, likigeuka unageuka nalo, na wewe umeshakaa. Unarudi nyuma ili upate kiti. Jumanne akaamka saa kumi alfajiri, akapanda treni inayotoka mjini, behewa tupu, akaenda nayo mpaka kituo cha mwisho. Na akakaa. Wapi? Si mnajua wenyewe.

Abiria wa mwanzo wakaingia. Mama mmoja akamwambia kwa upole, "Kaka, hapo pana mtu."

"Pana mtu? Kwani mimi ni gunia?"

"Sivyo, kaka yangu, ni kwamba hapo huwa anakaa..."

"Najua anayekaa. Leo asimame yeye."

Kofia akaingia. Akakiangalia kiti, akamwangalia aliyekaa. Yule mama alitaka kuanza kugomba, Kofia akamshika bega. "Mwache, mama. Kiti si changu." Akamwinamia yule bwana, akasema, "Kaa tu, ndugu yangu. Ila hilo dirisha lina tabia ya kukwama. Lifungue mapema, kabla hatujafika kituo cha pili."

Yule bwana akaona anadhihakiwa. Mimi nimekaa, wewe umesimama, bado unanipangia? Akalivuta dirisha likafungika kabisa, akasema, "Baridi."

Treni ikaondoka. Jamani, raha aliyoisikia! Akanyoosha miguu. Akaegemeza kichwa kwenye kioo.

Kituo cha pili, kioo kikagongwa. Nje kuna mwanamke na matenga ya mchicha, ameyainua juu. "Pokea, baba!" Yule bwana akatazama mbele kama hasikii. Kofia akapaza sauti kutoka kwenye msongamano, "Leta mlangoni!" Lakini mlangoni pale hata barua haipiti. Mchicha ukabaki, na mwenye mchicha akabaki nao.

Kituo cha tatu, kioo kikagongwa tena. Ndoo ya maandazi. Sasa yule bwana akaanza kuelewa andazi linatoka wapi. Lakini mkono haukwenda kwenye dirisha. Angelifungua sasa, si angekuwa amekiri?

Kituo cha nne, kioo hakikugongwa. Aliona vidole vidogo vimebandikwa kwenye kioo.

Mtoto wa miezi mitano, ameinuliwa juu na mikono ya mama yake. Miguu yote miwili iko kwenye plasta kuanzia mapajani mpaka vidoleni. Alizaliwa na miguu iliyopinda. Kila Jumanne hospitali wanamtoa plasta, wanainyoosha miguu kidogo, wanamfunga nyingine. Kidogo kidogo, kila Jumanne, mpaka ikae sawa. Na mtoto wa namna ile humbebi mgongoni, wala huingii naye kwenye mlango ule, watamvunja. Kwa hiyo kila Jumanne mama yake humpitisha dirishani, hukimbia mlangoni mikono mitupu, hujisukuma mpaka ndani. Na mtoto humkuta wapi? Mapajani kwa Kofia.

Mtoto akakipigapiga kioo, anacheka. Alikuwa anaitafuta kofia.

"Fungua!" behewa zima likapiga kelele. "We baba, fungua, ni mtoto!" Hapo hata yeye alishtuka. Akalishika dirisha, akalisukuma. Likakwama. Akasukuma kwa mikono miwili, likapanda nusu kiganja, likagoma. Si aliambiwa? Filimbi ikalia. Yule mama akatembea na treni hatua kumi, kumi na tano, mtoto yuko juu, kisha akasimama. Wakamwacha.

Hakuna aliyemtukana yule bwana. Afadhali wangemtukana. Kofia alisema tu, "Akikosa wiki moja, miguu inaanza kurudi ilikotoka."

Kituo cha tano, kituo chake mwenyewe, watu aliozoea kusimama nao mlangoni wakaingia. Akajiweka sawa wamwone amekaa. Hakuna aliyemtazama.

Mnadhani nimemaliza? Mnadhani jioni ile alilia, akatubu, tukaimba? Laiti.

Jumatano akageuza tena. Akakuta kiti kile kiko wazi, kinamsubiri. Hakuna aliyemgombeza, hakuna aliyemwambia pana mtu. Akakaa. Treni ikaondoka, ikafika kituo cha pili, na dirisha lake halikugongwa. Akashangaa. Akageuza shingo. Upande wa pili wa behewa, dirisha liko wazi, na pembeni yake amesimama Kofia. Amesimama! Hana kiti. Anapokea matenga ya mchicha. Kituo cha tatu, anapokea ndoo. Kituo cha nne, yule mama wa jana, anakwenda kuwabembeleza manesi wamsamehe siku iliyopita, akampitisha mtoto. Mtoto akaivuta kofia ikaanguka, watu wakaangua kicheko, na lile andazi la moto likapita juu ya vichwa likaenda kulekule lilikozoea.

Na yule bwana, kwenye kiti alichokililia miezi minane, miguu imenyooshwa, upepo wote wake, moyo ukamchoma kama zamani. Akasema kimoyomoyo, "Kwa nini yeye? Anasimama pazuri kuliko mimi."

Mfano wangu unaishia hapo, kwa sababu yule bwana bado yumo ndani ya treni hajashuka.

Sasa njooni kwetu sisi. Nimesema sisi, na mimi nimo, kwa sababu mchungaji mwenzangu wa mtaa wa pili akijaza kanisa, silali vizuri. Wivu wetu una macho, lakini unaona kofia tu. Mapaja hauyaoni. Tunaona nani kapewa kipaza sauti, nani katajwa jina, nani kakaa wapi. Hatuulizi anapakatwa nani pale. Na tukikipata kile kiti, tunafunga dirisha, na anayeachwa stesheni si yule tuliyemwonea wivu. Yeye atasimama, atapata dirisha jingine. Anayeachwa ni mtoto wa watu.

Jumapili iliyopita tulimchagua Baba Anyingisye kuwa mzee wa kanisa. Tangu siku hiyo nimesikia mengi. Ooh, kwa nini yeye. Ooh, anajipendekeza. Ooh, atawekewa kiti chenye mikono akae mbele kama bwana harusi. Leo kile kiti kiko wazi, mmekiona? Tangu mmeingia naona macho yenu yanakwenda pale. Na wewe unayetabasamu, umefikiri amechelewa ibada siku yake ya kwanza.

Hajachelewa. Hivi mlivyokalia ni viti vya shule, tunaviazima. Jumapili ikifika saa kumi na moja alfajiri, kuna mtu anavileta hapa kwa mkokoteni, safari saba, na mchana anavirudisha. Miaka minne sasa. Hamkujua? Hamkuuliza. Leo gurudumu limepasuka njiani na viti vya safari ya mwisho, ndiyo maana wazee wetu watatu kule nyuma wamekaa juu ya matofali. Baba Anyingisye yuko nje saa hizi, chini ya jua, anaziba pancha. Mkinyamaza mtasikia pampu.

Mnaisikia?

Haya, tusimame tuombe. Na tukisema amina, asitoke mtu mikono mitupu. Kila mmoja abebe kiti alichokikalia, akirudishe shuleni kwa miguu yake. Kile chenye mikono nitakibeba mimi, kwa sababu nilipoletewa matokeo kwamba amechaguliwa yeye, kabla sijafurahi, nilinuna kwanza.