Hizza na Lenzi Tatu za Bi. Tabu

Hii nimeipata asubuhi kwa wifi yangu, naye katumiwa na jirani yake. Nilianza kuisoma huku napika vitumbua, vya mwisho vikaungua. Nawapeni kama nilivyopewa, ila pale palipopwaya nimetia chumvi yangu kidogo, mnanijua.

Tanga mjini alikuwapo kijana mmoja aitwaye Hizza, kazi yake kusoma mita za maji nyumba kwa nyumba. Mtu mwema, salamu zake ndefu, ila kuchagua ndiko kulikomshinda. Mpe soda mbili achague moja, zote zitapata moto mkononi mwake.

Hizza alilelewa na bibi yake, Bi. Mwanamvua wa Ngamiani. Huyu mama kwa kanga alikuwa hana mpinzani. Makasha mawili yamejaa doti, na hakuna aliyewahi kumwona kavaa kipande cha juu kisichofanana na cha chini, hata siku ya kufagia uani. Akimwona mtu kavaa vipande viwili tofauti, hufunika mdomo na kunong'ona, "Maskini, yule katolewa na moto usingizini."

Mwezi wa Rajabu daktari wa macho alimwita Hizza pembeni akamweleza bila kuficha. Presha ya macho. Jicho la kushoto la bibi limeshakwenda. La kulia linaweza kufika Idi, na linaweza lisifike.

Hizza alipomfikishia habari, bibi hakulia. Alifungua kasha akatoa kamera ya marehemu mumewe. Kamera ya zamani ya filamu, chuma kitupu, nzito, ina kidirisha kidogo cha kuchungulia kwenye pembe ya juu. Lenzi yake ilipotea zamani, mbele pamebaki tundu lililozibwa kwa kifuniko cheusi.

"Mume wangu," akamwambia mjukuu wake, mnajua tena utani wa bibi, "babu yako kapiga harusi za mji mzima, mimi hakunipiga hata moja. Kila siku kesho. Nataka picha moja ya karatasi, niishike, nijitazame kabla taa haijazimika. Ya simu sitaki, nikiigusa inakimbia."

"Umeipata, mke wangu," Hizza akajibu, na siku ile alikuwa na nia ya kweli.

Kilichotakiwa ni lenzi moja tu. Wenyewe wanaiita lenzi ya kawaida, ile unayoifunga kwenye kamera ukaishi nayo. Hizza akajiunga na kundi la simu la wapenda kamera za filamu, akauliza kwa adabu: jamani, nichukue ipi?

Lahaula! Mmoja akasema ya milimita thelathini na tano, maana inaingiza chumba kizima. Wa pili akasema hamsini, hiyo ndiyo inayoona kama jicho la mwanadamu. Wa tatu akasema hapana, jicho la mwanadamu ni thelathini na tano, hamsini ni jicho la mtu aliyebanwa mlangoni. Wa nne akaja na arobaini, akasema wote hao wamepotea. Wa tano akauliza kwani mwanadamu ana macho mangapi, akatolewa kwenye kundi.

Hizza akachanganyikiwa. Usiku anaota tarakimu, mchana anatembea nazo. Nyumba moja ya Makorora aliandika hamsini kwenye daftari la mita, akafuta, akaandika thelathini na tano, akasimama pale kalamu hewani. Mwenye nyumba akamletea maji ya kunywa akidhani ni jua.

Na uchungu wenyewe ni kwamba lenzi zote tatu zilikuwapo mjini, kabati moja. Barabara ya kumi na tatu kulikuwa na fundi kamera, Bi. Tabu, mama mnene, miwani imefungwa kwa uzi, mdomo hauna breki. Hizza alikwenda kwake mara saba. Kila mara anazishika, anazipima kiganjani, anazirudisha, anasema, "Acha nikafikiri."

"Fikiri baba," Bi. Tabu anamjibu. "Hata kuku anaatamia siku ishirini na moja tu."

Kila Ijumaa baada ya sala Hizza alikuwa akimpitia bibi yake kunywa chai.

"Mume wangu, picha yangu?"

"Bado kidogo, bibi. Hii ya hamsini nzuri, ila naogopa itakubana. Ile ya thelathini na tano nayo naogopa itakuacha mbali."

"Kwani mimi nakwenda wapi?" bibi anauliza. Basi wanacheka, wanakunywa chai, Ijumaa imekwisha.

Shaabani ikapita hivyo, Ramadhani ikaingia, Idi ikafika. Siku ya Idi bibi alimshika Hizza uso kwa mikono miwili, akakaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida. Hizza akaona ni furaha ya sikukuu. Moyoni akajipongeza kwamba Idi ndiyo hiyo, jicho limefika, daktari aliwatisha bure.

Wiki ya pili ya Mfungo Mosi, mwezi uleule ulioanza na Idi, Bi. Tabu akampigia simu. "Kesho njoo na kamera yako, na huyo bibi wa kupigwa picha mje naye. Usipomleta, nafunga kabati, na mimi na wewe hatujuani."

Asubuhi Hizza akaja na bajaji. Bibi alikuwa ameshavaa, ameketi barazani anamngoja.

"Nishike mkono," akasema, "njia hii mashimo matupu."

Hizza akamshika kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa na simu, maana kundi lilikuwa linapiga kura na arobaini inaongoza.

Walipofika, Bi. Tabu akamtazama bibi kuanzia juu mpaka chini, akarudia tena kutoka chini mpaka juu. Akamkalisha kwenye stuli karibu na mlango, penye mwanga. Kisha akamsimamisha Hizza hatua tano mbele ya bibi, kamera akaichukua mwenyewe.

"Mikono nyuma. Nashika mimi, nakuwekea jichoni. Wewe chungulia bibi yako kwenye kidirisha, uniambie tofauti ya lenzi. Leo huondoki hapa bila kuchagua."

Krr, krr, kitu kikazungushwa mbele ya kamera. "Hii thelathini na tano. Unaonaje?"

"Aaa! Pana nafasi. Naona mpaka ukuta. Ila pembeni pananivutavuta."

Krr, krr. "Hamsini."

"Hii imetulia, fundi. Bibi kasogea karibu. Rangi zimekolea kabisa."

Krr, krr. "Arobaini."

Kijasho kikamtoka Hizza. "Hii nayo... ina ya huku na ya huku. Ina joto fulani. Lakini hebu nirudishie ile ya kwanza. Au ya pili. Yarabi, sijui!"

Bi. Tabu akaishusha kamera, akaigeuza amwonyeshe mbele. Tundu lilikuwa limezibwa kwa kifuniko kilekile cheusi alichokuja nacho Hizza kutoka nyumbani. Lenzi zote tatu zilikuwa kabatini nyuma ya kioo, hakuna iliyoguswa.

"Kamera hii huchungulii kwa lenzi, baba. Unachungulia kwa kidirisha chake yenyewe. Weka lenzi, toa lenzi, ziba kwa kitumbua, kidirisha kitakuonyesha kilekile. Miezi yote hii umesoma lenzi, kamera yenyewe hujaisoma hata siku moja."

Hizza aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Bi. Tabu hakumwachia hapo. Akamshika mabega akamgeuza aelekee kabati.

"Mara tatu umemtazama mama huyu. Kavaa nini?"

"Kanga."

"Kanga gani?"

"Acha nifikiri," Hizza akajibu.

"Geuka umtazame. Kwa macho yako."

Akageuka. Juu bibi alikuwa kajitanda kanga nyekundu yenye michoro ya korosho. Chini kajifunga ya buluu yenye madoa meupe. Vipande viwili visivyojuana kabisa, mwilini mwa Bi. Mwanamvua! Na uso wake, kaupamba kwa tabasamu la picha, kauelekeza kwenye feni iliyokuwa inanguruma pembeni. Alidhani kamera iko huko.

Hizza akaenda akapiga magoti mbele yake, akapunga mkono mbele ya jicho la kulia. Halikupepesa.

"Bibi. Tangu lini?"

"Tangu kumi la mwisho la Ramadhani."

"Na hukuniambia!" Hizza akalia, mtu mzima, mlango wazi na watu wanapita.

"Ningekuambiaje, mume wangu? Kila ukija umechanganyikiwa. Nikasema nisikuongezee."

Akampapasa kichwa. Kisha akakumbuka. "Kwani nimevaaje?"

Bi. Tabu akamweleza.

"Astaghfirullah! Nimekatisha barabara zote hizo hivi? Na yule jirani yangu Mwanahawa kanisalimia asubuhi, kanyamaza zake!" Bibi akacheka mpaka akashika mbavu, na machozi yakimtoka humohumo. Bi. Tabu alikwishaanza kujivua kanga zake amvalishe, bibi akamzuia. "Acha. Nipige hivi hivi. Mimi sitaiona, watakaoiona na wacheke."

Bi. Tabu akafungua kabati akatoa lenzi iliyokuwa karibu na mkono, akaifunga kwenye kamera, akatia na filamu. Hizza hakuuliza ni ipi. Akaweka jicho kidirishani, na safari hii akakaa muda mrefu.

"Bibi, geuka kidogo kulia. Fuata sauti yangu. Hapo hapo."

Akapiga.

Siku ya nne picha ilikuwa tayari. Bibi akaipokea kwa mikono miwili, akapitisha kidole kwenye kingo zake zote nne. Ilikuwa karatasi kweli, haikimbii.

"Haya mume wangu, nimetokaje?"

Hizza akaanza kumsomea. Akamtajia mikunjo miwili kati ya nyusi, mmoja mrefu kuliko mwenzake. Akamtajia kovu dogo la kidevuni, ambalo miaka thelathini na nne analelewa naye hakuwahi kuliona. Akamwambia kanga ya juu imeangukia bega la kushoto, na mkono wa kulia umeshika pindo la ile ya chini kama mtu anayeogopa kuachwa.

"Na mwanya wangu?"

"Upo, bibi. Ndio wa kwanza kuonekana."

"Basi nimetoka," akasema, akaiweka picha kifuani. Baadaye akaongeza polepole, "Ila nilitaka nijione mwenyewe, Hizza." Hakumwita mume wangu.

Jioni aliituma picha kwenye kundi. Wakasifu weee, kisha wakauliza kwa pamoja: umepiga kwa lenzi gani? Akaandika, "Sijui." Nasikia mpaka leo wanabishana.

Funzo: Anayekungoja hangoji kifaa chako kiwe bora, anangoja umtazame, na siku zako za kuchagua zinakatwa kwenye siku zake za kuona.