Mnana na Mgeni Wake Huzuni

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmekula kweli? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale palikuwa na Mnana, yule ndege mdogo wa manjano. Kwao dume ndiye hufuma kiota. Akimaliza huning'inia kichwa chini, hupiga mbawa, pru pru pru, jike aje akague. Jike huvuta majani kwa mdomo. Akikataa, dume hukifumua kiota chake mwenyewe, jani kwa jani. Ndiyo mila yao.

Mnana alimpenda Siwema. Akafuma. Siwema akaja, akavuta, nyaka! Akaenda zake. Mnana akafumua. Akafuma tena. Siwema akaja, akavuta, nyaka! Akaenda zake. Mnana akafumua, akakaa tawini.

Na mvua zilikuwa zinaisha. Majani yakikauka hayafumiki, na asiye na kiota hana mke mwaka ule.

Chini mtoni alikaa Kiboko. Majani yote yalikuwa yakimwangukia yeye kichwani.

"Wee jirani, leo hunimwagii takataka?"

"Sijengi tena. Huzuni imenikataza."

"Haya."

"Kwani nani alituamuru tujenge?"

"Sijui. Mimi mwenyewe sijui kwa nini nimepewa mdomo mkubwa hivi."

"Nisipojenga?"

"Mto utapita."

"Nikijenga?"

"Pengine atakuja, pengine hatakuja. Mto utapita."

Mnana akaudhika. "Na huzuni yangu nifanyeje?"

"Imeingia lini?"

"Juzi."

"Basi leo ya tatu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Kiboko akazama, chubwi!

Mnana akawaza. Huzuni ni mgeni. Mwenye nyumba ni mimi. Akashuka, akachuma majani mabichi ya mwisho, akaanza kufuma. Huzuni haikuondoka. Alifuma nayo, akilia kidogo, akivuta fundo, akilia, akivuta fundo.

Siwema akaja. Akavuta. Kiota kikatulia.

"Nikikataa?" akauliza.

"Nitaumia. Nitafumua. Nitafuma tena."

"Nani kakuamuru?"

"Hakuna. Nataka mwenyewe."

Siwema akaruka, akaenda zake.

Moyo wa Mnana ukamwanguka, pu! Lakini hakukaa. Akashika jani la kwanza ili afumue.

"Hebu liache hilo," sauti ikasema nyuma yake. Alikuwa Siwema, na mdomoni ana manyoya laini. Kwao jike akikubali kiota, yeye ndiye hutandika ndani.

Kiboko akaibuka, akasugua kichwa kwenye matete. Leo hakina jani hata moja. Akarudi kulala.

Basi wanangu, na nyie wakubwa mnaojifanya mnasinzia: huzuni huja bila kubisha hodi, lakini haiamui kazi ya nyumba. Anayeamua ni wewe, hata pasipo wa kukuamuru. Hadithi yangu imeishia hapo. Iliyobaki kila mtu akaifume kwake.