Profesa Kiboko na Ukurasa wa Arobaini

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa nini?
— Pakawa chuo!
— Chuo kina nani?
— Kina wenye vitabu na wenye njaa!
— Na aliyesinzia?
— Tumuamshe!

Haya, sogeeni. Na wewe huko nyuma acha kutafuna, masikio hayasikii meno yakiwa kazini.

Hapo zamani wanyama walikuwa na chuo kikuu chao kando ya bwawa. Idara zilikuwa nyingi, lakini iliyojaa wanafunzi kupita zote ilikuwa Idara ya Sayansi ya Jamii, na mkuu wake alikuwa Profesa Kiboko. Jamani, Kiboko yule! Mkubwa wa mwili, mkubwa wa sauti, mkubwa wa tumbo. Miaka ishirini alifundisha jinsi jamii za nchi kavu zinavyoishi, na miaka ishirini hakutoka bwawani. Alitoa kichwa majini, akasema "Andikeni!", wanafunzi wakaandika. Kisha akazama. Bwi! Somo limekwisha.

Ilikuwa desturi ya idara kwamba mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aende fildi siku arobaini, akae na wenyeji wa huko, ajifunze yasiyofundishika darasani, arudi na ripoti. Mwenye ripoti alivaa joho. Asiye na ripoti alirudia mwaka.

Mwaka huo Sange alipangiwa kwenda kwa nungunungu. Sange ni mnyama mdogo, anaenea kwenye ngumi, ana pua ndefu isiyotulia: nyu, nyu, nyu, inanusa huku, inanusa kule. Mama yake alikwisha kuwatangazia majirani wote kwamba mwanawe atavaa joho. Tena hakutangaza kwa kunong'ona. Sange mwenyewe aliliota joho hilo kila alipofumba macho.

Kiboko akampa dodoso. Lilikuwa na maswali matatu. La kwanza: Mnakula nini? La pili: Mnakula kiasi gani? La tatu: Kinabaki kiasi gani?

"Profesa," Sange akauliza, "na namna wanavyoishi je?"

"Aliyekula ameishi," Kiboko akajibu. Bwi!

Basi Sange akaenda. Akaenda, akaenda, akaenda, hata akafika kwa nungunungu, njaa inamkata. Wakamkaribisha vizuri, wakamwekea chungu kidogo cha muhogo wa nazi. Sange akala. Akaona kubakiza ni kudharau chakula cha watu, akakomba chungu mpaka chini: kwaru, kwaru, kwaru. Nungunungu wakatazamana.

Alfajiri Bi Nungunungu, mkuu wa kaya, akaja na jembe.

"Shikamoo, mama," Sange akasema. "Mimi ni mtafiti. Nina dodoso."

"Marahaba, mwanangu. Dodoso liache hapo, halitaota miguu. Jana umekomba chungu. Kwetu anayebakiza ni mgeni. Anayekomba amesema mwenyewe kwamba ni wa nyumbani, na wa nyumbani hulima nasi mpaka shamba liishe."

"Lakini mimi sikujua!"

"Sasa umejua. Shika."

Masikini Sange! Jembe lilimzidi kimo mara nne. Siku ya kwanza alilima akilia. Siku ya pili alilima akilaani. Siku ya tatu akaanza kusikia, maana nungunungu shambani hawanyamazi. Akasikia nani hasemi na nani tangu ile harusi, na kwa nini shemeji hapitii mlango wa mbele, na mgonjwa analimiwa na nani, na mvivu anasemwa vipi bila kutajwa jina. Mambo ambayo ungewauliza kwa karatasi wangekujibu "hatujambo" basi. Kwenye dodoso Sange aliandika neno moja: muhogo. Nyuma ya dodoso, na nyuma ya kila karatasi aliyoiokota, aliandika kurasa sitini. Na katika ukurasa wa arobaini aliandika habari ya chungu na jembe, bila kuficha aibu yake.

Siku zikaisha, shamba nalo likaisha, akarudi chuoni mikono ina sugu, roho imejaa. Akampa Kiboko ripoti. Kiboko akaipima uzito kwa mdomo.

"Nzuri," akasema. "Nzito. Nimeitia jina langu."

"Jina lako, Profesa? Na mimi je?"

"Wewe utarudia mwaka. Kijana mdogo una haraka ya nini? Ijumaa nawasilisha kwa jopo." Bwi!

Sange akaenda nyuma ya maktaba akakaa chini akalia. Alilia kwa hasira, akalia kwa ajili ya mama yake, atawaambia nini majirani, akalia kwa zile sugu. Mkubwa hashtakiwi kwa mkubwa mwenzake, hilo alilijua. Alipochoka kulia, pua ikaanza: nyu, nyu, nyu. Akajifuta, akarudi bwawani.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Umekuja kulalamika?"

"Nimekuja kukupongeza. Je, umekwisha kuisoma ripoti?"

"Nimeiandika mimi, nitaisomaje tena?"

"Kweli kabisa, Profesa. Nawaza tu kwamba nungunungu wakijua mwandishi ni wewe, watataka kukupikia."

Masikio ya Kiboko yakasimama. "Kunipikia nini?"

"Muhogo."

"Mkavu?"

"Wa nazi."

"Chungu kikubwa?"

"Mgeni mkubwa, chungu kikubwa. Jopo lingealikwa huko huko, likakuona ulivyo na wenyeji wako. Nani tena angeuliza kama ulifika?"

Kiboko akameza mate, bwawa likapungua. "Waambie Ijumaa nakuja."

Ijumaa ikafika. Kiboko huyoo, ndi! ndi! ndi!, ardhi inatikisika. Nyuma yake jopo: Mzee Kobe, mwenyekiti, na Korongo, katibu, kalamu sikioni. Sange nyuma kabisa. Likiharibika hili, alijua, harudii mwaka tu, anafukuzwa.

Wakakaribishwa. Vyungu vikaja, kila mgeni na chake, na cha Kiboko kilibebwa na nungunungu wanane. Mzee Kobe, ambaye ripoti aliletewa mapema akaisoma neno kwa neno kwa sababu hajui kufanya kitu kwa haraka, akala akabakiza. Akamkanyaga Korongo mguu, Korongo akabakiza. Sange akabakiza. Kiboko akabugia, nyam! nyam! nyam!, mara kashafika chini.

"Profesa," Sange akasema kwa upole, "hutabakiza hata kidogo?"

"Hiyo si adabu!" Kiboko akanguruma, akaingiza ulimi. Kwaru! Kwaru! Kwaru! Chungu kikang'aa.

Nungunungu wakatazamana. Kisha miiba ikasimama yote kwa pamoja: kacha-kacha-kacha! Bi Nungunungu akaleta jembe, si dogo.

"Karibu nyumbani, mwanangu. Shamba ni lile, mpaka liishe."

"Jembe? Mimi? Mimi ni mgeni! Mila gani hii? Mimi siijui!"

Mzee Kobe akakohoa. Akafungua ripoti polepole, maana kwake hakuna namna nyingine. "Profesa, mbona imeandikwa? Ukurasa wa arobaini. 'Anayekomba chungu amejitangaza kuwa wa nyumbani, naye atalima.' Na juu hapa kuna jina lako."

Kiboko akatazama jembe. Akatazama ripoti. Akatazama miiba. Kama ripoti ni yake, basi mila aliijua, na chungu alikikomba kwa hiari yake. Kama hakuijua mila, basi ripoti si yake. Jasho likamtoka, na jua la saa saba halikumhurumia.

"Sikuiandika mimi!" akapasuka. "Aliiandika Sange! Yote! Mimi sijasoma hata ukurasa mmoja!"

"Katibu," akasema Mzee Kobe, "umeandika?"

"Nimeandika," akasema Korongo.

"Ahaa, basi mmesikia," Kiboko akasema, akishusha pumzi. "Sikujua. Niachieni nikaoge."

Bi Nungunungu akamgeukia Sange. "Mwanangu, wewe siku ile ulijua?"

"Sikujua, mama."

"Ukafanyaje?"

"Nikalima."

Bi Nungunungu akamwekea Kiboko jembe mkononi, akavifunga vidole vyake kimoja kimoja. "Sasa umejua. Shika."

Sange alivaa joho. Lilikuwa refu, nusu nzima liliburuta chini, na mama yake alipiga vigelegele hata sauti ikamkauka, akaendelea kwa kupiga makofi.

Na Kiboko? Alilima. Siku ya kwanza alinung'unika. Siku ya pili alinung'unika. Siku ya tatu mzee mmoja wa kinungunungu, aliyelima mstari wa jirani, akamwambia kwamba mashimo yao yana milango miwili na wa pili haufungwi kamwe. Kiboko akasimamisha jembe. "Kwa nini?" akauliza. Lilikuwa swali lake la kwanza kwa miaka ishirini la kutaka kujua jambo lisilo chakula. Mzee akamjibu mpaka wakafika mwisho wa shamba.

Alirudi chuoni amekonda, ngozi imembabuka. Darasa likajaa. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono akauliza habari za siafu, namna wanavyochagua wa kutangulia njiani. Wote wakasubiri kusikia bwi. Kiboko hakuzama. Alikaa, akafikiri, akajikuna.

"Sijui," akasema. "Inukeni, twende tukawaulize."

Hadithi yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chachu, niachieni niinywe mwenyewe.

Funzo mnataka? Lipo. Mwanafunzi mwema hutulia darasani, hachafui miguu kwa watu, maana kila kitu kimo vitabuni. Asiyeniamini aende chuoni akamuulize Profesa Kiboko. Lakini asipitie ofisini, huko siku hizi hamkuti mtu.